Mlango Uliofungwa Mchana

Kila mtu aliyemshauri Abalo alikuwa na uhakika wake, na hakuna wawili waliokubaliana. Shemeji yake Okidi, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye chumba cha redio cha polisi na kwa sababu hiyo anajiona fundi wa kila kitu chenye waya, alisema anunue kamera. Kamera ya kompyuta yake, alisema, inamwonyesha kama mtu aliyepigwa picha kupitia chupa ya soda. Mwalimu mwenzake wa zamani akasema kamera si kitu, mwanga ndio kila kitu. Atafute ile taa ya duara yenye miguu mitatu ambayo wasichana wanaouza nguo mtandaoni huiweka mbele ya uso. Jirani yake Adoch, ambaye hajawahi kushika kompyuta, alisema anunue kiti chenye mgongo, maana mwalimu anayefundisha akiwa amekalia jerikeni la maji, mtu atamjua hata kama yuko Nairobi.

Abalo alitamani wote wanyamaze. Alikuwa na akiba ya kununulia kitu kimoja kizuri au vitatu vya ovyo, na vya ovyo alikuwa amevinunua maisha yake yote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shule ya kule Kasubi, Kampala, aliyofundisha Kiswahili tangu Abwola, binti yake mkubwa, akiwa tumboni, ilimwita ofisini mwisho wa muhula na kumwambia kwamba sasa inataka walimu wenye shahada. Yeye ana stashahada. Alimuuliza mkuu wa shule kama wale watoto waliofaulu mwaka jana wangerudishiwa mitihani yao kwa kuwa walifundishwa na mtu wa stashahada. Mkuu wa shule akatazama dirishani. Abalo akachukua mkoba wake akaondoka.

Kisha akasikia habari za chuo kimoja cha lugha cha Nairobi kinachofundisha watu wazima kwa mtandao. Hawa hawakuuliza shahada. Walitaka kujua kama anaweza kufundisha, na hilo halikumtisha. Alikuwa mtoto wa askari, amezaliwa na kukulia kambini, na Kiswahili ndicho alichotumia kugombania foleni ya maji bombani kabla hajajua kusoma. Chuoni alikinyoosha tu. Lililobaki lilikuwa somo moja la majaribio, Alhamisi alasiri, mkaguzi akitazama. Akilipita, ana wanafunzi tena. Asipolipita, hakuna kazi nyingine aliyoweza kuifikiria iliyokuwa na mwanafunzi ndani yake.

Mkaguzi alikuwa mwanamke aitwaye Vera, Mkenya mwenye sauti ya mtu asiyependa simu ndefu. Alimpigia wiki moja kabla. Alisema yeye si mtu wa mapambo: anataka amwone mwalimu, amsikie mwalimu, na asimsikie mtu mwingine yeyote. Jaribio lao la mwisho liliharibiwa na jogoo. Na somo la majaribio ni moja. Anayeshindwa kwa kelele au kwa vifaa vibovu hapewi jingine.

"Kwa hiyo chumba kiwe chako peke yako, na mlango ufungwe," Vera alisema. "Mlango ufungwe, mwalimu. Hilo sitalirudia."

Abalo akasema ndiyo. Alisema haraka, kama anavyosema mambo mengi, kisha akaanza kuwaza juu ya kelele.

Alikuwa na haki ya kuwaza. Nyumba yake ilikuwa kwenye laini ya vibanda vya bati vya duara kule Naguru, kambi ya polisi, vile vinavyoitwa unipoti: chumba kimoja, pazia katikati, dirisha la kutosha kupitisha kichwa cha mtoto. Bati halizuii sauti hata kidogo. Mtu akikohoa nyumba ya tatu unaweza kumwambia pole bila kuinuka. Kuna watoto, kuna redio, kuna koplo mstaafu anayegonga sufuria za kuuza, na kuna mke wa sajini fulani ambaye hapigi simu bila kutoka nje na kutembea nayo.

Tena kulikuwa na jambo la mlango, ambalo Abalo alilijua vizuri mno hata hakulifikiria. Kwenye laini ile hakuna anayefunga mlango mchana akiwa ndani. Hakuna aliyeliandika mahali. Waume wa pale hupelekwa Karamoja, hupelekwa mipakani, na habari mbaya ikija huja na maofisa wawili na mtu wa dini. Wanaingia, na kabla hawajasema lolote mmoja wao hugeuka akafunga mlango, ili mke aambiwe akiwa ameketi. Wanawake wa laini wameuona mlango ukifungwa hivyo kwa nje. Adoch aliuona kwa ndani. Tangu hapo ni pazia tu. Hata mvua ikinyesha ya upepo watu huacha maji yaingie, wakapangusa baadaye. Na mume wa Abalo, sajini Kidega, alikuwa Karamoja tangu Pasaka.

Jumamosi Abalo alikwenda mjini kwa Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye kibanda cha vifaa vya umeme kwenye jengo moja la maduka karibu na stendi. Alimweleza shida yake kwa maneno machache. Anafundisha nyumbani, nyumba ina kelele, anataka kitu kimoja.

"Basi usinunue kamera, mama," Kasereka alisema. "Uso yako haina shida. Kama ni makelele, chukua hii."

Akamshushia hedifoni nyeusi, nene, zenye mito kama ya kiti cha daktari. Chini ya ngazi mchuuzi alikuwa akitangaza sumu ya panya kwa kipaza sauti, boda zikipiga honi, na juu mtu akitoboa ukuta. Kasereka akamvisha hedifoni na kubonyeza kitufe. Kampala ikanyamaza. Abalo akasimama pale na mkoba wake, akiona midomo ya Kasereka inacheza bila kutoa kitu, na kwa muda kidogo hakutaka kuzivua.

Alipozivua alisema anazichukua. Kasereka, akikunja waya, alianza kueleza kwamba ziko nzuri sana, lakini sasa mama, kwa ule mwenye atakuwa anakusikiliza, kuna mambo ya maiki. Abalo akamwambia ana watoto wanaosubiri chakula, amfungie.

Nyumbani alizijaribu. Watoto wa laini walikuwa wanapiga ngoma ya jerikeni nyuma ya ukuta wake, akavaa, wakatoweka. Okidi alipopita jioni alizitazama kwa dharau, akasema hizo ni za vijana wa disko na kwamba siku wakimwona amekuwa kivuli kwenye kioo cha kompyuta asije kulia kwake. Abalo alimwambia aketi ale au aende kazini.

Hakumwambia mtu yeyote siku wala saa ya somo. Watu wa laini walikwisha kumpa pole nyingi kwa ajili ya ile shule ya Kasubi, na hakutaka nyingine. Akishinda watasikia. Akishindwa itakuwa kati yake na yule Vera.

Alhamisi watoto wakiwa shuleni alifagia, akafunika kabati kwa kitenge safi, akaweka kompyuta juu ya beseni lililopinduliwa ili kamera imfikie usoni, akaazima kiti cha kanisa. Alijaza bando kwenye simu na kuiunganisha. Kisha akafunga mlango na kusukuma komeo. Komeo lilikuwa na kutu, likahitaji kugongwa na kisigino cha kiatu.

Chumba cha bati kilichofungwa mchana wa jua hakihitaji kuelezwa. Kabla hajafika kwenye kiti, mgongo wake ulikuwa umelowa. Alichukua taulo, akaliweka pajani, akavaa hedifoni, na kelele zote za Naguru zikazimika.

Vera alitokea kwenye kioo, uso mwembamba na miwani, akasema atakaa kimya. Mwanafunzi wa majaribio alikuwa Tarcisio, mhandisi wa barabara kutoka Arua aliyekuwa anahamia Dodoma na kampuni yake. Alikuwa mtu mzima mwenye aibu ya mtoto wa darasa la kwanza, na Abalo alimpenda papo hapo. Alimfundisha kununua vitu sokoni. Hakumpa maneno ya kukariri. Alimgombeza kama muuzaji, akamlazimisha apunguziwe bei ya nyanya, akamkatalia, akamrudisha, mpaka Tarcisio akasahau aibu na kumwambia, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, kwamba nyanya zake zimelala tangu juzi. Abalo alicheka. Akapangusa uso kwa taulo. Jasho lilikuwa linaingia machoni, akapangusa tena, ameinama, akabana taulo machoni mpaka mwasho upungue. Somo lilikuwa linakwenda. Alilisikia mwilini, kama mtu anavyosikia ubao chini ya chaki.

Kisha Tarcisio akaanza kusitasita. Alitazama pembeni, akarudi, akasahau bei aliyoitaja mwenyewe. Abalo akamtia moyo. Tarcisio akasafisha koo.

"Mwalimu," alisema polepole, akitafuta neno. "Pole. Pole sana."

Abalo akafikiri anachanganya. "Pole tunamwambia mtu aliyepatwa na jambo," alimweleza. "Mimi sijapatwa na jambo. Muuzaji akikukatalia, unasema nini? Endelea."

Tarcisio hakuendelea. Alikuwa amevua kofia. Abalo akamtazama Vera, na Vera, aliyesema atakaa kimya, alikuwa amejiinamia kwenye kamera na kiganja kifuani.

"Mwalimu Abalo," alisema. "Tafadhali. Vua hizo hedifoni."

Akazivua.

Kilio kilikuwa pande zote. Kilikuwa kwenye bati, kwenye sakafu, kwenye dirisha dogo ambalo sasa lilikuwa limezibwa na mtu. Wanawake walikuwa wanalia kile kilio kirefu cha nyumbani Acholi kinachoanza juu na kushuka, na katikati yake sauti ya Adoch ikitaja jina, ikilirudia: Kidega, Kidega, baba Abwola.

Abalo alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake na hakukisikia. Alijua mara moja. Hakujiuliza nani, wala wapi; yote mawili yalikuwa tayari yamemfika. Alifikiria watoto wako shuleni na hawajui. Alifikiria shati la bluu alilompigia Kidega pasi siku anaondoka, na kwamba kola yake ilikuwa imechakaa na hakuigeuza. Mikono yake ilikwenda kwenye komeo na komeo likakataa, likakataa tena, akalipiga kwa ngumi mpaka likaachia.

Laini nzima ilikuwa nje. Wanawake wamejitwika mikono kichwani. Koplo mstaafu amesimama wima, kofia mkononi. Wanaume wawili walikuwa wamekwisha kufunga upande mmoja wa turubai kwenye kona ya nyumba yake, na chini ya ukuta palikuwa na gunia la mkaa na unga kwenye beseni, vitu ambavyo watu huja navyo. Adoch alimwangukia shingoni.

"Nani ameleta habari?" Abalo aliuliza. "Maofisa wako wapi?"

Adoch alimwachia kidogo, akatazama nyuma ya bega lake, ndani ya nyumba.

"Si wako huko ndani na wewe?"

"Ndani yuko nani? Niko peke yangu."

"Mlango yako imefungwa, mama Abwola. Tumegonga. Tumegonga sana, hujibu. Mimi nimechungulia dirisha, nimeona unapangusa machozi. Hao wengine pazia imeficha."

Watu walianza kutazamana. Kilio kilipungua upande mmoja, lakini upande wa bombani, ambako hawakusikia, kiliendelea. Abalo alisikia kila neno la Adoch na kuelewa kila neno. Lakini mwili ulikwisha kuambiwa Kidega amekufa na haukuwa na haraka ya kuambiwa vingine. Akarudi ndani, akachukua simu, akapiga.

Iliita mpaka ikakatika.

Hata bombani sasa walikuwa kimya. Adoch alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Abalo alipiga tena, akitazama ukuta, na simu ikaita, ikaita, halafu ikapokelewa na mtu aliyekuwa na chakula mdomoni.

"Mbona watu wananipigia hivi?" Kidega alisema. "Okidi amepiga, katekista amepiga, sasa wewe. Nani amekufa?"

"Wewe."

Kidega alitafuna, akameza.

"Saa ngapi?"

Abalo aliketi chini, pale pale kwenye saruji, simu ikiwa bado sikioni. Alimsikia akiuliza kama yuko sawa, kama watoto wako sawa. Alimwambia ale chakula chake, atampigia baadaye. Nje habari ilikuwa inapita kutoka mdomo hadi mdomo, anakula, yuko anakula, na mtu alianza kucheka kile kicheko cha baada ya hofu, kisicho na furaha sana ndani yake.

Ndipo hasira zilipomjia. Hakujua aanze na nani. Adoch alikuwa analia bado, machozi ya kweli, na Abalo alijua analia kwa mlango gani. Huyo hakuweza kumgusa. Wengine walikuwa wameacha kazi zao na kuleta mkaa wao. Walikuwa wamefanya kila kitu kama kinavyotakiwa kufanywa, haraka, bila kuitwa. Alitamani angalau mmoja wao awe amefanya ubaya.

Akakumbuka darasa.

Kwenye kioo hakukuwa na mtu. Palikuwa na ujumbe wa Vera. Aliandika kwamba yeye na Tarcisio wanampa pole nyingi kwa msiba, kwamba waliona ni adabu kuondoka, na kwamba asiwe na wasiwasi juu ya somo. Kwa aliyefiwa utaratibu ni tofauti. Amalize mazishi, apumzike, atapangiwa jaribio jingine.

Abalo aliusoma mara mbili. Okidi, aliyekuwa amekuja mbio kutoka chumba cha redio na shati limetoka nje ya suruali, aliusoma juu ya bega lake.

"Hapo sasa," Okidi alisema, akihema. "Umepona. Mwandikie asante."

"Asante ya nini?"

"Ya pole. Si amekupa pole? Unasema asante, unanyamaza."

Adoch alitaka asomewe, akasomewa, akapangusa macho. Naye akaona ni sawa. Alisema si lazima amtaje Kidega, aseme ni mjomba, wajomba wako wengi nyumbani Kitgum na hakuna Mkenya atakayekwenda kuwahesabu. Watu waliosimama mlangoni walikubaliana naye. Ilionekana rahisi kwa kila mtu.

Na ilikuwa rahisi. Abalo hakuwa malaika. Amewahi kuwaambia wakaguzi wa shule kwamba vitabu viko njiani wakati hata havijaagizwa. Hapa hata hakutakiwa kusema uongo, alitakiwa tu kuuacha pale ulipokaa. Akiusahihisha, kinachobaki ni kelele na vifaa, na Vera alisema kwa hivyo viwili hakuna jaribio jingine. Aliweka vidole kwenye herufi. Aliandika asante. Halafu akaona kwamba mahali fulani Nairobi, kwenye kompyuta ya ofisi, pangekaa neno kwamba nyumba hii imefiwa, na Kidega bado yuko Karamoja na bunduki yake na miezi yake iliyobaki. Alikuwa amekuwa mjane wake kwa muda wa simu mbili. Hakuweza kuliacha neno hilo mahali popote, hata kwa jina la mjomba.

Alilifuta. Akachukua simu akampigia Vera, akaenda kusimama mlangoni kwa sababu ndani palikuwa hapavumiliki. Watu walisogea karibu. Hakuna aliyetaka kukosa.

Alimweleza Vera yote kwa mfululizo, bila kupamba. Vera hakumkatiza.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa," Vera alisema mwishoni.

"Hakuna."

"Na vile vilio?"

"Walikuwa wananililia mimi. Hapa mlango haufungwi mchana mpaka pawe na kifo. Mimi nimeufunga."

"Ukijua hivyo?"

"Nikijua. Nilikuwa nafikiria jogoo wako."

Vera akauliza, kwa ile sauti yake ya kazi, ilikuwaje Abalo asisikie kilio cha kijiji kizima kilichowafikia wao huko mbali.

"Hedifoni zangu zinakata kelele," Abalo alisema. "Zimekata zangu. Zenu zimewaachia."

"Basi hilo ni jambo la vifaa, mwalimu. Nakushukuru kwa ukweli wako, kweli nakushukuru. Lakini nilikwambia la vifaa halirudiwi."

"Uliniambia pia mlango ufungwe, na hukuniuliza ninaishi wapi."

Mtu mmoja nyuma alivuta pumzi. Abalo alimkazia macho, naye akanyamaza.

"Sikiliza," Vera alisema. "Somo lako nililipenda. Nyanya zile. Lakini siwezi kumweka mwanafunzi anayelipa mahali penye makelele. Hata sasa, ili tuongee vizuri hivi, imebidi utoke uende mahali patulivu, sivyo?"

"Sijatoka. Niko mlangoni kwangu, mlango uko wazi, na laini nzima imesimama hapa."

"Sisikii mtu."

"Wananisikiliza mimi."

Abalo alitazama nyuso zile: Adoch na kanga yake, koplo na kofia, Okidi na shati lake, watoto wadogo waliobanwa midomo na mama zao. Wote walikuwa wanatazama simu.

"Kosa langu sikuwaambia," alisema. "Wakijua nafundisha, watanyamaza. Wakiona mlango umefungwa, watalia. Mimi hapa sifungi mlango tena, madam. Kama sharti ni hilo, tuagane."

Abalo alisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili.

"Jumatatu, saa ile ile," Vera alisema. "Nitaandika kwamba somo halikukamilika, na ni kweli halikukamilika. Mlango ni wako. Lakini nikisikia mtu mmoja, mmoja tu, tumemaliza."

Kesho yake Abalo alirudi kwa Kasereka na hedifoni kwenye boksi lake. Kasereka alimsikiliza, akazigeuza mkononi, akasema kitu ambacho Abalo alijua atakisema.

"Njo ile nilikuwa nataka kukuambia, mama. Hii inachunga masikio yako. Mwenye kukusikiliza, maiki inamupelekea kila kitu. Ukasema nikufungie."

Alikuwa na haki, na Abalo alimchukia kwa hilo kwa muda mzima wa mazungumzo. Kasereka hakukubali kurudisha pesa, alikubali kubadilishana, na katika kubadilishana yeye ndiye aliyepata. Alimletea hedifoni nyepesi za plastiki za sikio moja, zenye kijiti cha maiki kinachofika pembeni ya mdomo, kama zinazovaliwa na wapokea simu wa benki. Hazikuwa nzuri. Mto wa sikio ulikuwa umebanduka.

Safari hii Abalo hakuzivaa kwanza. Aliuliza akivaa hizi, mtu wa upande wa pili atasikia nini. Kasereka alisema atasikia sauti ya mama tu, maiki iko karibu ya kinywa. Abalo akasema maneno hayatoshi. Alizichomeka kwenye simu yake, akampigia Kasereka, akamtuma aende mwisho kabisa wa jengo, naye akashuka ngazi akasimama karibu na mchuuzi wa sumu ya panya, kipaza sauti kikimpigia kelele begani. Watu walimtazama. Akaanza kuuza nyanya kwa simu.

"Unasikia nini?"

"Nakusikia wewe," Kasereka alisema. "Na panya, kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mama, kidogo."

Akasogeza kijiti karibu zaidi na mdomo. Akarudia. Alimweka Kasereka kule mwisho mpaka mteja wake mmoja akaondoka, mpaka akaapa kwamba panya hawasikiki tena hata akijaribu.

Jumatatu alipita nyumba kwa nyumba na kuwaambia watu saa. Hilo lilimsumbua kuliko kununua. Koplo aliahidi kupeleka sufuria zake ng'ambo ya uwanja. Yule mke wa sajini aliahidi kutembea na simu yake upande wa pili. Adoch hakuahidi kitu, alikuja tu na ungo wa simsim akaketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye mwimo, akichambua, na yeyote aliyekaribia alimwinulia mkono kabla hajafungua mdomo. Okidi alikuja kuangalia kamera, akagundua kwamba mlango ukiwa wazi nyuma ya Abalo uso wake unakuwa mweusi kabisa, akafurahi mno. Abalo akageuza meza. Sasa alitazama mlango, mwanga wote ulimwangukia usoni, na kwa hiyo kila aliyepita nje alimwona na yeye alimwona.

Hilo hawakulifikiria. Katika laini ile humtazami mtu usoni ukapita bila salamu. Walikuwa wamekatazwa sauti, basi walipunga mikono. Alipita mwanamke na ndoo, akapunga. Akapita katekista, akapunga. Abalo, akimgombeza Tarcisio juu ya bei ya samaki, aliinua kidevu kwa kila mmoja, kwa sababu kutokujibu kungeleta maswali mengine. Sauti haikutoka hata moja. Alisikia laini yote kwa sikio lake lililo wazi, kila mguu kwenye changarawe, na jasho lilimtiririka ingawa upepo ulikuwa unaingia.

Mwisho wa somo Tarcisio aliuliza, kwa Kiswahili kamili na bila kosa, kama kwake kuna mkutano. Vera alimwambia Tarcisio asante, akamtoa, akabaki na Abalo.

Alisema sauti ni safi, kuliko hata ya walimu wengine wa Nairobi. Alisema picha bado ni mbaya na mwezi ujao anunue kamera. Ataanza Jumatano, darasa la watu sita. Kisha akavua miwani.

"Ila hizo salamu, mwalimu. Mwanafunzi anapoteza mawazo. Zipunguze."

"Nitawaambia," Abalo alisema, na wakati huo huo koplo mstaafu alikuwa anapita mlangoni na sufuria zake akirudi nyumbani, akasimama, akanyanyua mkono kama mtu anayepiga saluti, na Abalo akainua kidevu.